Chupa Tatu Zilizopasuka Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Mvinyo wa Maua ya Elda

Kisa hiki kilitokea mwezi wa Juni nyumbani kwa wifi yangu, katika mji mdogo ulio kwenye kaunti ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Siku ya Alhamisi, saa tano na robo usiku, alinipigia simu akinong'ona: "Wifi, kuna mtu anavunja chupa humu stoo, na mlango nimeufunga mwenyewe kwa nje." Kabla sijamjibu nilisikia mlio kupitia simu, mlio mkavu kama wa ubao unaopasuliwa kwa shoka, kisha vipande vya kioo vikimwagika sakafuni. Stoo yenyewe iko chini ya ngazi, pamoja na boila ya maji moto, na ndani yake kulikuwa na chupa kumi na mbili za mvinyo wa maua alioutengeneza kwa mkono wake siku chache kabla. Mtu hakuwamo.

Elda ni mti mdogo ambao wataalamu wa mimea huuita Sambucus nigra. Humea kandokando ya mashamba, njia za reli na viwanja vilivyosahaulika, na huchanua kuanzia mwisho wa Mei hadi mwisho wa Juni, ukitoa mashada bapa mfano wa sahani, kila shada likiwa na mamia ya maua madogo ya rangi ya maziwa mazito. Kwa kuwa Kiswahili hakina jina lililozoeleka la mti huu, nitauita elda. Maua yake yana harufu inayokaribia ya zabibu tamu, na kwa vizazi vingi familia za Kiingereza zimeyaloweka katika maji ya sukari na limau ili kupata kinywaji chenye povu. Wenyewe hukiita shampeni ya elda. Mimi nitasema mvinyo, kwa sababu mwaka 1993 Mahakama ya Rufani mjini London, katika shauri lililoletwa na kampuni ya Taittinger ya Ufaransa, iliizuia kampuni moja ya Surrey kuuza kinywaji chake cha elda kwa jina la shampeni, ijapokuwa kinywaji hicho hakikuwa na kilevi hata tone. Jikoni mwako unaweza kukiita utakavyo, na huko Uingereza mvinyo wa kunywa mwenyewe hautozwi ushuru maadamu hauuzwi.

Karatasi aliyoifuata wifi aliandikiwa na mzee jirani, mtu wa miaka zaidi ya themanini ambaye yeye humwita Babu. Ilisema hivi kwa ufupi: kwa kila lita nne na nusu za maji, tia mashada saba, sukari gramu 700, malimau mawili na vijiko viwili vya siki nyeupe, loweka siku mbili katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa, chuja, acha siku sita, tia chupani, subiri wiki mbili, kisha unywe. Hamira haikutajwa, na hilo si kosa la mwandishi, kwa kuwa maua ya elda huja na chachu yake yenyewe, vijidudu vya asili vinavyokaa juu ya maua na chavua, ambavyo vikikutana na sukari huanza kazi bila kualikwa.

Wifi alizidisha vipimo mara mbili. Alichuma maua Jumamosi alasiri, mara tu baada ya mvua iliyonyesha siku mbili mfululizo, na akayasuuza kwa maji ya bomba ili kuondoa wadudu. Jumatatu alichuja kwa kitambaa cha melimeli. Hadi Jumatano jioni maji yale yalikuwa yametulia kama juisi iliyosahaulika mezani, bila kiputo hata kimoja, naye akahofia yataoza. Akaenda dukani, akanunua pakiti ya gramu 5 ya chachu ya shampeni, akaimwaga yote. Asubuhi ya Alhamisi ndoo ilikuwa imevaa povu na inatoa mlio wa kuchemka. Jumapili, siku ya sita tangu kuchuja, alitia mvinyo chupani kama karatasi ilivyoelekeza, akafunga vizuri, akapanga stoo.

Chupa zenyewe zilikuwa za aina tatu. Sita zilikuwa za nusu lita, za mraba, zenye kifuniko cha kubana kwa waya, zilizonunuliwa katika duka la mapambo ya nyumba. Nne zilikuwa chupa za kawaida za mvinyo, zenye vifuniko vya kuzungusha. Mbili zilikuwa za plastiki za lita moja na nusu, zilizokuwa za soda. Usiku ule wa Alhamisi, siku ya nne tangu zifungwe, tatu kati ya zile za mraba zilipasuka, na vipande vyake vikaivunja chupa moja ya mvinyo iliyokuwa jirani. Kipande kimoja, chenye urefu wa kidole cha shahada, tulikikuta kimechoma mfuko wa mchele uliokuwa kwenye rafu ya mkabala na kusimama humo kama kisu. Nilikitazama kwa muda. Wifi huingia stoo ile kila jioni kuchukua viazi.

Nieleze tulivyozishughulikia zilizobaki, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huumia. Nilimwambia asifungue mlango usiku ule, azime boila bila kuingia stoo, aache nyumba ipoe. Nilifika kwa treni ya asubuhi. Tulivaa makoti mazito, glavu za bustani na miwani ya usalama ambayo shemeji yangu huitumia kazini kwake, tukazifunika chupa kwa blanketi nzito lililoloweshwa maji, kisha tukazitoa moja moja hadi bustanini na kuzifungua chini ya blanketi hilo hilo, uso ukiwa umegeuzwa pembeni. Chupa ya kwanza ya mraba ilirusha mvinyo hadi juu ya uzio, na ndani hakikubaki hata kikombe. Za plastiki zilikuwa ngumu kama jiwe, na vitako vyake vilikuwa vimetokeza nje hata hazikuweza kusimama, lakini zilikuwa nzima. Tuliziweka kwenye friji siku nzima kabla ya kuzifungua, kwa kuwa gesi hukaa kwa utulivu zaidi katika maji baridi.

Wifi alikuwa na maelezo mawili tayari, nayo yote mawili yalikuwa na chembe ya ukweli. La kwanza ni joto la boila. La pili ni chupa mbovu.

Joto kwanza. Ni kweli kwamba chachu hufanya kazi upesi penye joto, na kwamba mvinyo wenye joto hushika gesi kidogo kuliko wenye baridi, kwa hiyo shinikizo ndani ya chupa hupanda. Hata hivyo joto halitengenezi gesi. Gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ndani ya chupa iliyofungwa hutokana na sukari iliyoliwa humo, na kiwango chake cha juu huwa kimeshapangwa dakika ile kifuniko kinapobanwa. Laiti chupa zingewekwa mahali penye ubaridi, mlipuko ungechelewa wiki mbili au tatu, na pengine ungetokea mezani mbele ya wageni.

Chupa nazo zina sehemu yao. Shinikizo katika chupa ya mviringo hugawanyika sawasawa kuzunguka ukuta wake, ilhali katika chupa ya mraba pande bapa husukumwa nje na mzigo wote huangukia kwenye pembe, ambapo kioo mara nyingi ndipo kilipo chembamba. Chupa hizo hutengenezwa kwa mafuta ya kupikia na siki. Chupa ya kawaida ya mvinyo ni ya mviringo, lakini nayo haikuumbwa kubeba shinikizo. Chupa ya shampeni ni kitu kingine kabisa: ina uzito wa zaidi ya gramu 800 ikiwa tupu, na kitako chake kimebonyezwa ndani. Uimara wa aina hiyo una historia yake Uingereza, kwa kuwa katika karne ya 17 viwanda vya vioo vya huko vilianza kutumia makaa ya mawe yenye joto kali kuliko kuni, vikapata chupa nene na ngumu. Na Desemba 1662 Christopher Merret aliueleza mkutano wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi mjini London, namna wafanyabiashara wa mvinyo walivyokuwa wakitia sukari na molasi ili mvinyo uchangamke na kutoa povu. Sukari na chupa imara vilianza safari pamoja.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana nilikuwa nimebeba haidromita yangu, ile fimbo ya kioo inayoelea katika kimiminika na kuonyesha jinsi kilivyo kizito kwa sukari. Katika maji matupu husoma 1.000. Gramu 1,400 za sukari katika ndoo iliyofikia karibu lita kumi ni takribani gramu 140 kwa lita, kiasi ambacho kingesoma kama 1.054 siku ya kwanza. Tulichukua mvinyo kutoka chupa ya plastiki, tukautikisa katika jagi hadi gesi yote ikatoka, tukapima: 1.016. Kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji na hupunguza namba hiyo, sukari iliyokuwa imesalia ilikuwa bado inakaribia gramu 50 kwa lita. Ulimi nao ulithibitisha. Mvinyo ulikuwa mtamu kama sharubati. Kwa maneno mengine, chupa zilipasuka zikiwa njiani tu, na sehemu kubwa ya gesi ilikuwa haijatoka bado.

Kanuni ya watengenezaji wa shampeni ni rahisi kukumbuka. Kila gramu 4 za sukari zikiliwa katika lita moja ya mvinyo uliofungwa, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na lile la hewa inayotuzunguka. Shampeni yenyewe hupewa gramu kama 24 kwa lita, ikafikia mara sita, na hubebwa na chupa ile nzito niliyoitaja. Kwa makadirio yangu, siku ya Jumapili wifi alifunga chupa zikiwa na gramu zipatazo 80 kwa lita. Gawanya kwa nne. Hakuna chombo cha jikoni kinachobeba mara ishirini, na chupa za mraba zilisalimu amri mapema, pengine kwenye mara saba au nane.

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Babu ametumia karatasi ile ile kwa miaka mingi, na hajawahi kupoteza chupa. Tulimwendea na sahani ya vitumbua, tukamwomba atusimulie kazi yake hatua kwa hatua, si kwa kusoma bali kwa kukumbuka mikono yake inavyofanya. Yakatoka mambo ambayo hakuyaandika kwa sababu kwake yalikuwa dhahiri mno. Yeye huchuma maua asubuhi ya siku kavu, yakiwa na chavua ya manjano inayobaki kwenye vidole, wala hayaoshi. Huyapiga kofi tu ili wadudu waanguke. Ndoo yake huanza kutoa viputo siku ya pili. Chachu yake ni ile ya porini, ambayo kwa kawaida huchoka mapema, mara nyingi pombe ikifika asilimia 4 au 5, na huiacha sukari nyingine bila kuigusa; ndiyo maana mvinyo wake ni mtamu na mwepesi. Tena yeye hutumia chupa za soda za plastiki peke yake, na kila asubuhi baada ya chai hulegeza kila kifuniko kidogo hadi kitoe mlio, kisha hukikaza.

Wifi alichuma maua yaliyopigwa na mvua na akayasuuza tena, yaani aliosha chachu mara mbili. Kisha akatia chachu ya dukani. Kwa maoni yangu hapa ndipo chanzo kilipo, si kwenye boila. Chachu ya shampeni huchaguliwa kwa uvumilivu wake. Huendelea kula sukari hata pombe ikivuka asilimia 15, kwa hiyo ndoo ya gramu 140 kwa lita, inayoweza kutoa asilimia 8 hivi, kwake ni kifungua kinywa. Karatasi ya Babu ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi mwingine. Wifi alimbadilisha mfanyakazi, lakini akabaki na kiasi kile kile cha sukari na siku zile zile sita, huku siku mbili za mwanzo kati ya hizo zikiwa zimepita bila kazi yoyote. Alihesabu siku, na chachu haihesabu siku.

Sikuweza kumlaumu sana. Wifi alikulia Moshi, na bibi yake alikuwa mpishi wa mbege. Anajua harufu ya ndizi zinazochachuka, anajua povu la pombe iliyo tayari kuliko nijuavyo mimi. Lakini mbege hunywewa ikiwa ingali inachachuka, katika chombo kilicho wazi, na gesi yake huenda zake bila kumsumbua mtu. Ujuzi wake wa kuchachusha ulikuwa wa kweli. Hakuwahi tu kuifungia pombe ndani ya kioo.

Wafaransa waliishi na tatizo hili muda mrefu kuliko sisi. Katika maghala ya Champagne, eneo linalotoa shampeni, chupa zilipasuka kwa wingi hata wafanyakazi wakavaa vinyago vya chuma, na mlipuko mmoja uliweza kuziamsha nyingine zilizopangwa kando yake. Katika miaka ya 1830 mfamasia wa mji wa Châlons aitwaye Jean-Baptiste François aliweka utaratibu wa kupima sukari iliyobaki katika mvinyo kabla ya kuufunga, ili inayoongezwa iwe kwa hesabu. Haikuwa lazima wifi ajue jina la mfamasia huyo. Ilimpasa kuwa na haidromita, ambayo bei yake haifiki ya zile chupa sita za mraba.

Juni iliyofuata tulirudia, lita tisa za maji kama mwanzo. Tulichuma siku ya tatu ya jua, saa nne asubuhi. Hapa niseme neno kwa anayechuma mara ya kwanza: elda ni mti wenye gome, na asiufananishe na mimea ya majani yenye maua meupe inayomea kwenye mitaro ile ile, kwa kuwa mmoja wao ni hemloki, wenye shina lenye madoadoa ya zambarau na sumu inayoua. Hata elda yenyewe, majani na vikonyo vyake vina viambato vinavyoweza kutoa sianidi, kwa hiyo tulikata kwa mkasi karibu kabisa na maua yenyewe, vikonyo tukaviacha. Maua yaliyozeeka tuliyaacha mtini. Yana harufu ya mkojo wa paka, na harufu hiyo haiondoki.

Sukari tuliipunguza hadi kilo moja, yaani kama gramu 105 kwa lita. Hatukungoja chachu ya porini. Tulitia ya dukani siku ile ile ya kuchuja, pamoja na kijiko cha chai cha chakula cha chachu, kwa kuwa maji ya maua yana sukari lakini yana upungufu mkubwa wa naitrojeni, ambayo chachu huihitaji ili ikue. Badala ya ndoo tulitumia chupa mbili kubwa za kioo zenye kizibo cha mrija wa maji, unaotoa gesi bila kuingiza hewa. Haidromita ilianza na 1.040. Wiki ya tatu ilisoma 0.998, ikasoma hivyo kesho yake, ikasoma hivyo keshokutwa. Hapo ndipo tulipojua kuwa sukari imekwisha, na kwamba gesi ya chupani itatokana na sukari tutakayoitia sisi tu. Tulitia gramu 12 kwa kila lita, ambazo pamoja na gesi kidogo iliyobaki ndani ya mvinyo huleta mchangamko unaokaribia wa soda. Nusu tuliitia katika chupa za plastiki, nusu katika chupa tano za shampeni alizookota wifi baada ya harusi ya mfanyakazi mwenzake, tukazifunga kwa vizibo vya plastiki na waya.

Hakuna iliyopasuka. Lakini nisidanganye kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Mvinyo ambao sukari yake yote imeliwa ni mkavu, yaani hauna utamu, na Babu alipoonja alikunja uso kidogo, akasema kwa adabu kwamba ni mvinyo wa watu wa mjini. Anayetaka utamu inambidi autie kwenye glasi wakati wa kunywa. Wifi hutia kijiko cha sharubati ya elda. Harufu nayo ilipungua, kwa sababu wiki tatu za gesi kutoka huondoka na sehemu ya manukato ya maua. Mwaka uliofuata, ili kurudisha harufu hiyo, tulifunga mashada matano ya mwisho wa msimu katika kijifuko cha melimeli na kuyaning'iniza ndani ya mvinyo uliokwisha kuchachuka, siku mbili kabla ya kuutia chupani, na tofauti ilikuwa kubwa.

Chupa moja ya shampeni tuliihifadhi hadi Krismasi ili kuona. Ilifunguka kwa mlio mzuri, povu likapanda laini na kukaa, ila harufu ya maua ilikuwa imekwisha na kubaki limau tupu. Tangu hapo tunamaliza zote kabla ya Septemba kwisha. Zile chupa tatu za mraba zilizosalimika zina mafuta ya alizeti, ziko jikoni, karibu na dirisha.